Saa 48 za Kusubiri Maziwa

Katika mijadala yetu ya afya ya umma tumezoea kuhesabu majengo, vitanda na madaktari. Ni nadra kuhesabu saa. Nimekuwa nikilitafakari jambo hili tangu Kenya ilipofungua benki yake ya kwanza ya maziwa ya mama mwaka 2019, katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi.

Mama mwenye maziwa ya ziada hupimwa afya, kisha huyachangia. Maziwa hupashwa moto wa nyuzijoto 62.5 kwa dakika 30, hupozwa haraka, na hupewa watoto njiti ambao mama zao ni wagonjwa, wamefariki au hawajaanza kutoa maziwa. Yakilinganishwa na maziwa ya kopo, huwapunguzia watoto hao hatari ya maradhi ya utumbo yanayoua upesi.

Kabla ya kutolewa, sampuli huoteshwa maabara ili kuona kama kuna bakteria, na majibu huweza kuchukua hadi saa 48. Kipimo hiki hakirukwi: moto ule huua bakteria wengi, lakini chembe sugu za Bacillus cereus huweza kuustahimili.

Wanafunzi wangu huniuliza: saa 48 zina uzito gani kisiasa? Huwajibu kwamba zinategemea friza. Benki yenye akiba kubwa haiumizwi na kusubiri, kwa kuwa maziwa yaliyopimwa wiki iliyopita yapo. Benki changa isiyo na akiba ndiyo inayomwambia muuguzi asubiri. Ucheleweshaji ule ule humwangukia maskini kwa uzito zaidi.

Njia za haraka zipo, ingawa kila moja ina masharti yake. Kipimo cha PCR husoma vinasaba vya bakteria kwa saa chache, lakini vinasaba hubaki hata bakteria akishakufa kwa moto. Maziwa salama yanaweza kumwagwa. Mitambo inayonusa hewa ya kaboni itolewayo na bakteria wanapokua huweza kuwagundua mapema, ila ni ghali. Brazil, yenye benki zaidi ya 200, hupima kwanza ukali wa asidi, kazi ya dakika chache, na kuyaondoa maziwa yaliyoanza kuchacha kabla hayajagharimu moto wala maabara. Kipimo hicho hakichukui nafasi ya kuotesha bakteria, lakini huokoa muda na fedha.

Funzo ninaloliona si kwamba tununue mtambo mpya kabisa. Ni kwamba muda wa majibu uwe kigezo rasmi cha huduma, uandikwe katika taarifa za hospitali na kuhojiwa kwenye bajeti kama tunavyohoji idadi ya vitanda. Enyi watumishi wa umma mnaosoma hapa, anzeni na swali dogo: sampuli iliyochukuliwa Ijumaa mchana husomwa siku gani? Mtoto wa gramu 1,000 hana wikendi.