Ajali ikitokea: Houston wanaita wakili, Mbeya tunaitisha mchango

Ukiingia Houston kwa barabara kuu ya I-45, utaona sura za mawakili kabla hujauona mji wenyewe. Wako kwenye mabango marefu kuliko minazi, suti zimekaa, mikono imekunjwa kifuani, na chini yao namba ya simu ambayo hata mtoto wa chekechea anaikariri. Maneno yanatofautiana kidogo, ila ujumbe ni uleule: umegongwa? Tupigie. Hulipi hata senti mpaka tushinde.

Haikuwa hivyo siku zote. Zamani mawakili wa Marekani walikatazwa kujitangaza, mpaka mwaka 1977 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoamua, katika shauri la Bates dhidi ya chama cha mawakili cha Arizona, kwamba kuwaziba midomo kabisa ni kuvunja uhuru wa kusema. Mabango yote haya ni watoto na wajukuu wa hukumu hiyo. Kwetu Tanzania katazo bado lipo. Ukipita Mwanjelwa, au Miyomboni pale Iringa, utaona kibao kidogo kando ya ngazi za ghorofa: jina la mtu, halafu Wakili na Kamishna wa Viapo. Wengi wanaopanda ngazi hizo wanafuata muhuri wa hati ya kiapo kwa sababu jina kwenye cheti cha kuzaliwa limetofautiana na la kwenye kitambulisho. Kwamba mtu huyohuyo anaweza kukusimamia udai fidia ya mguu uliovunjwa na semi, hilo halimjii mtu akilini.

Na mahali wakili wa namna hiyo anapohitajika zaidi ni huko huko Mbeya na Iringa. Mimi ni wa Uyole, nimekua barabara ya TANZAM ikipita karibu na mlango. Anayeijua barabara hiyo ataje mwenyewe: Kitonga, Mlima Nyoka, mteremko wa Iwambi kushuka Mbalizi. Malori ya Zambia na Kongo, mabasi ya Dar, Hiace, bodaboda, bajaji na watu waliobeba viazi, wote kwenye lami moja. Tarehe 11 Machi 2015, pale Changarawe, Mafinga, kontena lilianguka kutoka kwenye lori likafunika basi lililotoka Mbeya, na zaidi ya watu 40 wakafa. Jambo kama hilo likitokea, sisi tulio nje ya nchi simu zinaanza kulia usiku wa manane, na kufikia asubuhi kundi la WhatsApp la ukoo limeshageuka daftari la mchango. Tunachangia hospitali, tunachangia msiba, tunatuma risiti za kutuma pesa. Sijawahi kuona jina la wakili kwenye daftari hilo.

Niwaeleze kwanza Texas wanavyofanya, maana kuna uongo mwingi vijiweni kwamba Marekani ukigongwa umetajirika.

Ndugu yetu mmoja wa Tukuyu, anayefanya kazi bohari hapa Houston, aligongwa na pikapu ya kupeleka mizigo. Alipiga simu mwenyewe. Hapa wakili kumfuata majeruhi wodini kutafuta kazi ni kosa la jinai, ingawa wanaojaribu hawakosekani. Alisaini mkataba ambao ndio desturi ya mji: theluthi moja ya fidia ni ya wakili mambo yakiisha kwa mazungumzo, asilimia 40 ikibidi kufungua kesi. Wakishindwa, wakili hana malipo. Kuanzia hapo gharama za kutafuta ushahidi zilitoka mfukoni mwa wakili. Barua zikaenda zikitaka picha za kamera zisifutwe, ripoti ya polisi ikachukuliwa, na daktari wa mgongo akakubali kumtibu sasa na kulipwa kesi ikiisha. Alipomaliza matibabu, wakili akaiandikia kampuni ya bima barua ya madai. Kampuni ikataja kiasi cha kuchekesha, wakavutana, wakaelewana. Hakupanda kizimbani wala hakuona baraza la wananchi wa kuamua kesi, na wengi wanaodai huku huishia hivyohivyo.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme mmeelewana dola 60,000. Wakili anachukua 20,000. Madaktari waliokuwa wakisubiri wanachukua 18,000. Gharama za jalada, 1,500. Kwako zinabaki 20,500, na mgongo bado unauma. Zinasaidia, lakini huwezi kujengea ghorofa Forest Mpya.

Tena wakili huyo hamchukui kila mtu. Sheria ya Texas inamtaka dereva awe na bima ya angalau dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, na wengi wanaishia hapo hapo pa chini. Lori linalovuka majimbo linatakiwa na serikali kuu kuwa na angalau dola 750,000. Ndiyo maana mabango mengi yana picha ya lori. Ukigongwa na kijana asiye na bima wala mali, utazipigia simu ofisi zote za kwenye mabango na kila moja itakuambia pole sana. Nao muda unakwenda: miaka miwili tangu ajali, usipofungua kesi, mlango umefungwa.

Twende nyumbani. Mpwa wangu alikuwa abiria wa bodaboda karibu na Inyala, fuso likawapitia. Mguu ulivunjika sehemu mbili, akalazwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Trafiki walifanya kazi yao: walipima barabara, wakachora ramani ya ajali, wakatoa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, dereva akashikiliwa. Wiki haijaisha, wakaja watu wawili kutoka kwa mwenye gari. Walikuja kwa heshima zote, na kilo za sukari na bahasha. Dada yangu akanipigia: "Mdogo wangu, wametuletea pole, na wameleta karatasi ya kusaini. Wanasema ni ya kuonyesha tu kwamba wamefika."

Nikamwomba anisomee. Ilisema familia imepokea fedha hizo na haina madai mengine yoyote.

Siwalaumu sana wale wageni. Kwetu mtu aliyekuumiza kuja kwako na kusema pole ni utu, na asiyekuja ndiye anayesemwa vibaya. Ila pole ni pole, na kuachilia madai ni jambo lingine kabisa. Ujanja ni kuviweka kwenye bahasha moja. Bahasha ilipokelewa, karatasi ilirudi bila saini. Mwenye gari alivyogeuka baada ya hapo! Mara dereva akawa hamjui, eti alikuwa deiwaka tu aliyepewa gari na dereva wa kawaida.

Hapo ndipo sheria ilipobidi ifunguliwe, na nilichokikuta kilinishangaza: kwenye karatasi hatuko mbali na Texas hata kidogo. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inalazimisha kila chombo barabarani kiwe na bima ya kumlinda mtu wa tatu, yaani wewe uliyegongwa. Unamshtaki dereva na mwenye gari, hukumu ikitoka kampuni ya bima ndiyo inayopaswa kulipa. Texas nako ni hivyohivyo, kesi ina jina la dereva na hundi ina jina la bima. Sharti moja la kwetu linawaangusha wengi: kampuni ya bima lazima ipewe taarifa ya kesi mapema, la sivyo inapata mwanya wa kukataa kulipa. Namba ya gari inatosha kuanzia, maana stika inahakikiwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na utajua ni kampuni gani au kama stika ni ya bandia.

Kinachotupoteza ni kesi ya trafiki. Dereva anafikishwa mahakamani kwa kuendesha kwa uzembe, anakiri, anatozwa faini, na ukoo mzima unaamini kesi imekwisha. Faini ile ni ya Serikali. Majeruhi hapati hata shilingi. Lakini hukumu ile ni dhahabu mikononi mwa wakili: kifungu kimoja cha Sheria ya Ushahidi kinasema hukumu ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, ni ushahidi wa mwisho kwamba aliyetiwa hatiani alikosa. Chukua nakala yake. Na kifungu hichohicho kinamlinda dereva akiachiwa huru, kwa hiyo shahidi wenu anayeitwa mahakamani na kuona uvivu kupanda Hiace anaweza kuiua kesi ya madai kabla haijazaliwa.

Halafu kuna risiti. Tangu 1992 Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba hasara halisi, ile ya dawa, nauli na mshahara uliopotea, lazima itajwe kimoja kimoja kwenye hati ya madai na kuthibitishwa. Sisi tulikodi Noah ya jirani kumpeleka mgonjwa, tukanunua vyuma vya mguu kwa pesa zilizotumwa kwenye simu ya binamu, tukauza ng'ombe. Vyote hivyo ni gharama za kweli ambazo hakimu hawezi kuziona. Maumivu na kilema vina fidia yake ya jumla inayokadiriwa na hakimu mwenyewe, kwa kuwa kwetu hakuna wananchi kumi na wawili wa kuguswa moyo na hadithi ya wakili. Hati inafunguliwa Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, madai makubwa yanakwenda Mahakama Kuu, Kanda ya Mbeya au ya Iringa. Mdaiwa analeta utetezi wa maandishi, mnapelekwa kwanza kwenye usuluhishi, mkishindwana ndipo mashahidi wanaitwa. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na dada yangu anafuata kinachosemwa.

Gari likiwa la Serikali au la halmashauri, mambo ni mengine: notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu aunganishwe, na kesi ianzie Mahakama Kuu. Aliyeumia akifa, Sura ya 310 ya sheria zetu inawapa mke au mume, watoto na wazazi haki ya kudai, ila vikao vya ukoo vya kuamua nani adai, mnajua vinavyochukua muda.

Tofauti kubwa iko kwenye nani anayebeba hatari. Texas ni wakili. Mbeya ni majeruhi. Wakili wetu alitaka malipo ya awali kabla ya kuandika mstari mmoja, na pesa za kufungulia kesi juu yake, na ukishindwa unaweza kuamriwa ulipe gharama za wakili wa upande wa pili pia, jambo ambalo kwa kawaida Texas halipo. Mtu aliyelala na mguu umening'inizwa, hajauza hata debe la viazi kwa miezi kadhaa, atatoa wapi? Wapo mawakili wanaokubali kulipwa kwa awamu, na ni halali yako kuomba makubaliano yaandikwe. Upo pia msaada wa bure chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na kampeni ya Mama Samia iliyoanza 2023 imewafikisha wanasheria hadi vijijini. Ila jihadharini na vishoka wanaozunguka nje ya mahakama na faili kwapani. Jina la wakili wa kweli linapatikana kwenye mfumo wa Mahakama wa e-Wakili; kama halipo, mnyime hata nauli.

Kwenye jambo moja, ajali za kazini, nyumbani tumewazidi. Texas ni jimbo ambalo mwajiri binafsi anaruhusiwa kuamua kutokuwa na bima ya fidia kwa wafanyakazi. Tanzania mwajiri hana hiari hiyo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unatoza waajiri na kulipa matibabu, ulemavu na pensheni za wategemezi. Kijana aliyekatwa vidole kwenye dingdong la kupasua mbao Mafinga, au aliyeumia kwenye chai Mufindi, hahitaji wakili kuanza. Anahitaji kudai ndani ya miezi 12. Tatizo ni kwamba wenye dingdong wengi huajiri kwa mdomo, na mdomo hausomwi na karani.

Kesi ya mpwa wangu iko kwenye usuluhishi. Kampuni ya bima imeanza kuzungumza lugha tofauti tangu ilipoona hati ya madai, na yule dereva deiwaka ghafla amekumbukwa.

Ninyi mlio nje, naomba mchango ujao tuugawe. Ikija simu ya ajali, tumeni ya hospitali, halafu siku hiyohiyo ulizeni: PF3 iko wapi, namba ya gari ni ngapi, nani amepiga picha, kuna karatasi iliyosainiwa? Mwekeni mtu mmoja wa kutunza risiti. Tengeni fungu la wakili kabla fungu la tatu la chakula cha wageni. Miaka ya kudai kwetu ni mitatu, na inahesabiwa tangu siku ya ajali, hata kama kesi ya trafiki bado inaahirishwa.