Tarakimu katika Ukurasa

Mpanga chapa wa zamani aliokota tarakimu za risasi moja moja kwa vidole. Tangu 2008 programu ya kupangia kurasa, InDesign, humpokea mrithi wake mzigo huo: huandikiwa \d+, yaani tarakimu moja au zaidi zifuatanazo, na kila namba ionekanayo huvikwa sura iliyoamriwa. Kazi ya siku huisha kufumba na kufumbua. Lakini mtumishi huyu hodari hujua umbo, hajui maana. Mhariri wa historia atakaye namba za aya ziwe ndogo na zipande juu ya mstari, huona na 1905, mwaka wa kuanza vita vya Maji Maji, umepanda nazo. Akitanguliza alama ^, yaani mwanzo wa aya, mwaka hushuka mahali pake. Ila aya ianzayo kwa mwaka bado yataka jicho lake.