Alisema hela hakuna, kumbe anaogopa bahari

Kwa miaka miwili, kila mama alipotaja Zanzibar, baba alijibu kwa maneno mawili: hela hakuna. Ni jibu linalotolewa kila nyumba, na kwa kuwa mara nyingi ni la kweli, hakuna anayejisumbua kulichunguza.

Familia hii ya watu watano inaishi Dodoma. Binti mkubwa alipoingia darasa la tano aliahidiwa kwamba akimaliza mtihani wa darasa la saba atapelekwa kuuona Mji Mkongwe anaousoma kwenye Historia. Mdogo wake wa kiume alidakia kuwa yeye anataka mishkaki ya Forodhani. Kitinda mimba, mwenye miaka minne, alitaka kobe. Alikuwa ameona picha ya wale kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, na tangu hapo Zanzibar yote kwake ilikuwa kobe.

Mwaka wa pili ulipokwisha, kikoba cha mama kikavunjwa. Hakununua sofa. Jioni moja aliweka fedha mezani pamoja na daftari la mahesabu: treni ya mwendokasi hadi Dar es Salaam, ambayo haifiki saa nne, usiku mmoja kwa mama mdogo wa watoto, nauli ya boti kwenda na kurudi, chumba kwa siku tatu, na chakula.

Alikuwa ameulizia kwa watu waliowahi kwenda. Zinazowatisha wengi ni bei za hoteli za ufukweni za Nungwi na Paje. Mjini kuna nyumba za wageni za kawaida zinazolipwa kwa shilingi, na mchana sahani ya urojo inamtosha mtu mzima. Forodhani jioni ni kuzuri, ila uliza bei kabla mshikaki haujafika kwenye sahani yako. Hilo aliambiwa na watu watatu tofauti, akalipigia mstari.

Baba alisoma daftari lote. Hela ilikuwepo. Akakohoa.

"Unataka twende lini?"

"Likizo ya Juni."

"Juni kuna kusi. Bahari inachafuka."

Mama akamwangalia. Mume wake amekulia Mwanza, anafanya kazi Dodoma, hajawahi kukanyaga mchanga wa bahari. Upepo wa kusi kaujulia wapi?

Wakaangalia miezi mingine. Machi hadi Mei ni masika, vichochoro vya Mji Mkongwe vinatiririka maji. Ramadhani nayo husogea kama siku kumi na moja kila mwaka, na familia isiyofunga itahangaika kupata chakula cha mtoto mchana, maana migahawa mingi hufungwa na kula hadharani ni kuwakosea wenyeji adabu. Oktoba na Novemba kuna vuli. Mama akasema basi iwe Desemba, shule zikiwa zimefungwa na kusi limeshapita. Baba akaleta jambo la vichochoro: mtoto akipotea je? Mama akajibu kwamba kila mtoto atakuwa na namba ya simu mfukoni, na kwamba kule akina mama hukaa barazani na kumwona kila anayepita. Baba akaleta la mavazi. Mama akasema magauni marefu yapo, na khanga hazina uzito.

Sababu zilipokwisha, baba akasema, "Basi nendeni ninyi. Mimi nitalinda nyumba."

Binti akaweka kijiko chini. "Kama baba haendi, na mimi siendi."

Hapo mama alikasirika, na alikuwa na haki. Mtoto alikuwa amesubiri miaka miwili, leo ndiye anaibeba safari ya watu wazima kichwani. Lakini kabla hajasema kitu, binti akamuuliza baba yake swali ambalo mkewe hakuwahi kumuuliza: "Baba, unaogopa nini?"

Mama alijua kwamba shangazi wa mumewe alifariki katika ajali ya MV Bukoba. Asichojua ni kwamba mumewe, akiwa na miaka tisa, alikuwepo bandarini Mwanza asubuhi ile ya 21 Mei 1996 akimsubiri. Shangazi alikuwa anatoka Bukoba na ndizi, na alikuwa amemwahidi senene. Baba yake alimshika mkono, wakasimama na watu wengine mpaka wakaanza kusikia vilio. Siku zilizofuata walikwenda kuuliza orodha. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Wapo waliozikwa Igoma, lakini kama shangazi ni mmoja wao, nyumbani kwao hawakupata kujua. Tangu siku ile hajapanda hata kivuko.

Alieleza haya akiangalia daftari. Akaongeza tarehe nyingine mbili bila kuulizwa: 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ikitoka Unguja kwenda Pemba, na 18 Julai 2012, MV Skagit ikitoka Dar kwenda Unguja, ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe. Julai, wakati wa kusi. Mama akaelewa kwa nini mumewe huangalia taarifa za mamlaka ya hali ya hewa usiku, zile za mawimbi ya bahari ambazo hapo Dodoma hazimhusu mtu.

Kitinda mimba akauliza kama kobe wanazama.

Hawakumaliza jambo usiku ule. Mama angeweza kumwambia kwamba boti za siku hizi ni kubwa, zina jaketi okozi, zinavuka kwa kama saa mbili kila siku. Hayo baba aliyajua kuliko yeye. Ilichukua wiki kadhaa za mazungumzo madogo madogo, mengine jikoni, mengine kitandani. Ndege walifikiria. Ni kama dakika ishirini tu kutoka Dar, lakini tiketi tano zingekula chumba na chakula. Baba apande ndege peke yake? Alikataa. "Niwe juu, na ninyi mko chini?"

Walichokubaliana kiliandikwa kwenye ukurasa mpya. Safari ni Desemba. Watapanda boti ya asubuhi, maana bahari mara nyingi huwa imetulia kuliko mchana. Watakaa katikati, chini, ambako boti haiyumbi sana, na watakula kidogo tu kabla, na tangawizi. Kukiwa na tahadhari ya upepo mkali siku hiyo, watalala Dar na hakuna atakayemlaumu mtu. Baba ndiye atakayesoma taarifa, na neno lake ndilo la mwisho.

Mambo mengine yalipangwa haraka. Darajani sokoni asubuhi. Ngome Kongwe jioni. Beit al-Ajaib itatazamwa kwa nje, kwani sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, binti ataingia na mama yake hadi kwenye vile vyumba vya chini, na wadogo watabaki nje na baba. Changuu ilikatwa. Kule watu hupelekwa na vimashua, na baba alisema hapana kabla mama hajamaliza kusoma. Kitinda mimba alilia. Hakuna aliyemdanganya kwamba watakwenda.

Desemba ikafika. Siku moja kabla ya kuvuka, wakiwa Dar, baba alikwenda mwenyewe kukata tiketi, na binti akamsindikiza. Kijana wa dirishani alimpa karatasi tano. Baba hakuondoka. Alizisoma moja moja, kidole kikipita juu ya kila jina, huku foleni ikinung'unika nyuma yake. Kwenye tiketi ya kitinda mimba herufi moja ilikuwa imekosewa.

"Haina shida, mzee, mtapita tu," alisema kijana.

"Naomba uiandike upya."

Binti anasema baba yake hakupaza sauti. Alisimama palepale mpaka karatasi nyingine ikatoka, akalisoma jina, akaziweka zote tano kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo.