Viola Davis na Dakika Zisizofika 10 Zilizombadilishia Maisha

Wadau, tusidanganyane. Siku hizi binti akitaka kuigiza, swali la kwanza analoulizwa ni ana wafuasi wangapi Insta. Habari ya kujua kuigiza inakuja baadaye, na saa nyingine haiji kabisa.

Sasa mcheki Viola Davis. Mtoto wa familia masikini, kakulia mji mdogo wa Central Falls, Rhode Island, Marekani. Akasomea uigizaji Juilliard pale New York, akamaliza 1993. Ungedhani Hollywood walimpokea na maua. Wapi! Miaka mingi jukwaa ndio lilimtambua. 2001 akabeba tuzo ya Tony kwa King Hedley II, ila kwenye runinga bado anapewa vipande tu: wakili kwenye Law & Order: SVU, anaongea kidogo, huyoo katoka.

Ikaja 2008, muvi ya Doubt. Anaonekana dakika zisizofika 10, tena uso kwa uso na Meryl Streep mwenyewe. Mama anampigania mwanawe, machozi na makamasi vinamtoka kweli kweli. Akateuliwa kuwania Oscar, umri miaka 43.

Bahati? Jukwaani hakuna "kata, turudie". Ukisahau maneno, watu wanakuona. Aliyezoea kubeba igizo zima mbele ya watu, dakika 10 za kamera lazima azijaze.

2014, akiwa na miaka 49, ndio akapata tamthilia yake, How to Get Away with Murder. Kuna sini anakaa mbele ya kioo, anavua wigi, anafuta mekapu, anabaki yeye. Huku kwetu staa anaamka kitandani na kope za bandia! 2015 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Emmy ya mwigizaji mkuu wa kike kwenye tamthilia. Oscar akaipata 2017 kwa Fences, igizo aliloshalicheza Broadway 2010 na kuchukua Tony ya pili.

Ila ukweli unauma: bila ile sini moja, huenda leo wengi tusingemjua. Kipaji bila nafasi hakilipi kodi ya nyumba. Kuna dada zetu waliosota na sanaa pale TaSUBa Bagamoyo, wako fiti, nafasi inaenda kwa mwenye kiki. Maprodyuza, wapeni hata dakika 10 tu.

Wadau, mnasemaje: wafuasi au uwezo?