Mchicha Unapumua

Skuli tulikaririshwa sifa saba za viumbe hai: kujongea, kupumua, kuhisi, kukua, kuzaliana, kula na kutoa taka. Nikapata maksi zote, nikaziacha hukohuko darasani. Nilipoanza kuuza mboga katika soko la Mwanakwerekwe sikuihitaji hata moja. Kwangu mimi kilicho hai kilikuwa kuku aliyefungwa miguu, au kaa anayechezesha gando kule kwa wauza samaki. Mchicha, muhogo na nazi vilikuwa bidhaa tu, sawa na sabuni na viberiti.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja, bwana shamba mstaafu, mteja wangu wa mihogo. Asubuhi moja alikuta mapolo ya mchicha yameshushwa garini na bado hayajafunguliwa. Akaniambia, "Mwanangu, hebu tia mkono humo, mpaka katikati." Nikatia. Majani ya juu yalikuwa na umande, ya baridi kabisa. Ndani mna joto kama chini ya kuku anayelalia. Nikamwambia, "Mzee, zishaanza kuoza hizi."

"Hazijaoza. Zinapumua. Zimeshindiliwa, joto lao halina pa kutokea."

Jani likikatwa shambani halifi papo hapo. Linaendelea kuvuta oksijeni na kuunguza sukari liliyojiwekea, huku likitoa kaboni dioksaidi, maji na joto. Mzizi wa kulipa maji haupo tena, kwa hiyo linakula akiba mpaka iishe. Na kadiri polo linavyopata joto ndivyo majani yanavyozidi kupumua, na joto likazidi. Ile sifa ya kupumua niliyoiandika kwenye mtihani, siku ile niliishika kwa kiganja.

Tangu hapo meza yangu naiona vingine. Ile michirizi ya buluu na nyeusi inayotokea ndani ya muhogo baada ya siku mbili tatu, ambayo lawama zake hutupiwa muuzaji, ni muhogo wenyewe unaitikia jeraha la kung'olewa na kukatwa. Ndizi inayoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huziivisha zilizo karibu yake. Bibi zetu waliojua kuvundika ndizi waliitumia bila kuijua jina. Na nazi iliyokomaa, iliyosahauliwa pembeni na makumbi yake, ndani joya linakua, linainyonya nyama ya nazi kidogo kidogo mpaka chipukizi litokeze kwenye jicho. Inakula na kukua, na haijasogea hata shubiri moja.

Tende ndizo zilizonimaliza. Kokwa ya tende iliyofukuliwa katika ngome ya kale ya Masada, yenye umri wa karibu miaka 2,000, ilipandwa mwaka 2005 huko Israel, ikaota. Nasi kila Ramadhani tunazitema tukidhani ni vijiwe!

Kijana anayechoma mishikaki jirani yangu hakubali kirahisi. Kwa hesabu yake basi na moto ni hai: unakula makaa, unahitaji hewa, unakua, unazaa moto mwingine, na majivu ndiyo taka yake. Hoja nzuri, na zile sifa saba peke yake hazikunitosha kumjibu. Jibu liko kwenye seli. Bakteria, mkarafuu, papa, mimi na yeye, sote tumejengwa kwa seli, iwe moja au mabilioni, na ndani yake mna maagizo tunayowarithisha watoto. Moto hauna hata seli moja, wala haurithishi kitu. Mimi naona skuli wangeanzia hapo, halafu ndiyo waje kwenye orodha.

Kazini kilichobadilika ni hiki: polo likifika nalifungua hapohapo, mafungu nayasimamisha kivulini, yanapata hewa na kunyunyiziwa maji. Ndizi mbivu nimezihamishia upande wa pili, maana ile gesi yake huwahisha mboga kugeuka manjano. Mihogo nimewaomba wanaoniletea waiache na kikonyo, wasiichubue. Mchicha uliokuwa ukininyongea adhuhuri sasa unafika alasiri bado umesimama.

Kwa hiyo, mteja wangu, muhogo ukiununua leo upike leo. Na ukifika nyumbani utoe mchicha mkobani, usiuache ukalala pamoja na ndizi mbivu.