Siku moja Nairobi, mimi na baba watoto

Wanandoa wengi wa huku kwetu Kinondoni tunaongea kila siku, lakini ukisikiliza vizuri ni kupeana taarifa tu. Luku imeisha. Ada ya muhula imefika. Mtoto anakohoa. Fundi bomba hajarudi. Tunalala, tunaamka, tunaanza tena. Miaka inakwenda, na yule uliyefunga naye ndoa anakuwa kama mfanyakazi mwenzako.

Kikoba chetu kilipovunjwa mwaka jana, nilimwambia mume wangu, “Baba, gawio langu lipo. Twende Nairobi siku mbili tatu.” Alicheka, kisha akauliza watoto tunamwachia nani. Mama mkwe akamaliza maneno: “Nendeni, wajukuu zangu si mzigo.” Jirani mmoja aliponiona na begi aliniuliza kama tuna mgonjwa huko, maana watu wazima wenye watoto hawasafiri hivi hivi.

Basi linapita Arusha, linavuka mpaka Namanga. Tulifika tumechoka, tukalala gesti ya kawaida katikati ya jiji. Jumamosi ndiyo ikawa siku yetu.

Tulianza na KICC, lile jengo la mviringo la ghorofa 28. Ukiwa juu unaliona jiji lote, na upande wa kusini mbuga ya wanyama iliyopakana na majengo. Kila bei tuliyotajiwa tulizidisha kwa ishirini kupata shilingi yetu, na baba watoto akawa anashika kichwa.

Kutoka hapo tulitembea hadi Makumbusho ya Reli. Lipo behewa ambalo mwaka 1900 ofisa wa polisi aliyeitwa Ryall alivutwa na simba kupitia dirishani, pale Kima. Alikuwa amekaa humo usiku akimvizia simba huyohuyo, usingizi ukampitia. Mume wangu alitikisa kichwa: “Huyu alilala zamu.” Nilicheka hadi mlinzi akageuka. Nilikuwa nimesahau kwamba huyu mwanaume anachekesha.

Hapo jirani, kwenye kona ya barabara za Haile Selassie na Moi, kuna bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7. Ndipo ulipokuwa Ubalozi wa Marekani uliolipuliwa Ijumaa ya Agosti 7, 1998. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200. Asubuhi hiyohiyo ulilipuliwa na ubalozi wa kwetu Dar es Salaam, wakafa watu 11. Pale bustanini kuna ukuta wenye majina ya marehemu. Mume wangu alisimama mbele yake muda mrefu, mikono nyuma, hasemi kitu.

Tukaenda kutafuta chakula kwenye baa moja ya nyama choma. Aliagiza mbuzi nusu kilo na ugali, akaongeza, “Naomba na bia moja.” Mhudumu akacheka. “Nyinyi ni wa Bongo, eh? Hiyo ‘naomba’ imewauza.” Halafu akaonyesha saa ukutani. Sheria yao ya mwaka 2010 hairuhusu baa kuuza pombe wikendi kabla ya saa nane mchana. Siku za kazi ni hadi saa kumi na moja jioni.

Kwa hiyo tukakaa, yeye bila bia, mimi na soda yangu ya Stoney. Televisheni ilikuwa imezimwa. Hapo ndipo akaanza kuongea.

Siku ile alikuwa darasa la tano, shule ya msingi hukuhuku Kinondoni. Alisikia kishindo, vioo vya darasa vikatetemeka, mwalimu akawaambia walale chini ya madawati. Baadaye wazazi walianza kufika mmoja mmoja. Mama yake alikuja mbio kutoka kwenye genge lake, miguu mitupu, kanga imemdondoka begani. Alimshika uso, akampapasa mikono, akamhesabu vidole kama mtoto mchanga. Hakusema neno hadi wamefika nyumbani.

“Mbona hujawahi kuniambia?” nilimuuliza.

“Hujawahi kuniuliza,” alijibu. “Na mimi sijui ningeanzia wapi. Tukiwa tunasubiri maji ya Dawasa?”

Miaka kumi na minne ya ndoa! Nikaelewa kwa nini mama mkwe hupiga simu kila mwanawe akichelewa nusu saa, na kwa nini mume wangu hupokea kila mara bila kununa, hata akiwa kwenye mechi na wenzake. Saa nane ilipofika mhudumu alileta bia. Ilikaa mezani hadi ikapoteza ubaridi.

Jioni tuliingia baa nyingine yenye bendi ya rumba. Huku kwetu mke akifuatana na mumewe baa, mtaa mzima unajua kesho yake. Kule hakuna aliyetujua. Walikuwepo wake kwa waume wa umri wetu, wamekaa pamoja, wanakula na kucheza. Na sisi tukacheza. Mara ya mwisho ilikuwa ukumbini, siku ya harusi.

Wasomaji wenzangu, sisemi kila mtu apande basi la Nairobi. Anayekunywa ni juu yake, na asiyekunywa soda zipo. Ninachosema ni kwamba mwenzako ana mambo ambayo hayatoki sebuleni, watoto wakiwa wanagombea rimoti. Yanahitaji mahali pengine na muda usio na haraka. Tuliporudi tumepanga Jumamosi moja kila mwezi, nauli ya daladala tu. Ya kwanza tulikwenda Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ambako nako ipo kumbukumbu ya waliokufa siku ile. Safari hii tulikwenda watatu. Mama mkwe alikaa katikati yetu kwenye daladala, na njia nzima ni yeye aliyekuwa anaongea.