Tarehe Mbili

Jumanne, 5 Novemba 2024, Houston

Leo mume wangu, Baba Baraka, amepiga kura ya rais kwa mara ya kwanza maishani. Lori aliliegesha jana usiku akitokea Oklahoma, akalala saa chache, akaamka kuwahi foleni. Fizi, kule Kongo, aliondoka akiwa mtoto mdogo. Tanzania aliishi kama mkimbizi katika kambi ya Nyarugusu mpaka akawa mtu mzima. Kwa hiyo hakuna nchi iliyowahi kumuuliza anamtaka nani, isipokuwa hii. Nilimsubiri nje na mtoto, na alipotoka nilimkumbatia mbele za watu, jambo ambalo kwetu Kasulu nisingelifanya.

Nikiwa pale nje nilikumbuka siku nilipokwenda kuchukua leseni ya udereva. Karani aliniuliza kama nataka kuandikishwa kupiga kura. Nikamjibu hapana, mimi si raia. Swali hilo huulizwa haraka haraka, na mgeni ambaye Kiingereza bado kinampiga chenga anaweza kuitikia "ndiyo" kwa adabu tu. Ndiyo hiyo huja kumfuata anapoomba uraia, na inaweza kuuweka hatarini hata ukazi wake. Kila mgeni anapaswa kuambiwa hivi wiki ile ile anayofika.

Jumapili, 10 Novemba 2024

Baada ya ibada wamenizunguka tena. "Mama Baraka, kadi yako ina miaka mitatu tangu Agosti, mumeo raia, unangoja nini kuomba uraia?" Kila mmoja ana hakika. Miaka mitatu kwa aliyeolewa na raia, mitano kwa wengine, basi.

Kwa hesabu yao ni kweli. Kadi yangu inasema nimekuwa mkazi wa kudumu tangu 14 Agosti 2021. Ila kuna kitu kinanisumbua ambacho hakuna aliyenijibu. Siku natua uwanja wa ndege, Baba Baraka mwenyewe alikuwa bado hajawa raia. Aliniombea viza akiwa mkazi wa kudumu, na kiapo chake alikula 18 Machi 2022. Je, miezi ile saba ya mwanzo inahesabiwa?

Jumamosi, 23 Novemba 2024

Nimepata jibu. Maktabani kulikuwa na wanasheria wa kujitolea, na mama mmoja mwenye nywele nyeupe alinipa muda wa kutosha bila kutazama saa.

Miezi ile haihesabiwi. Sheria inataka mambo matatu yaende pamoja kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuomba: mimi niwe mkazi wa kudumu, tuwe tunaishi pamoja kama mume na mke, na yeye awe raia muda wote huo. Linalochelewa ndilo linaloamua. Kwetu lililochelewa ni kiapo chake, kwa hiyo mlango wa miaka mitatu unanifungukia 18 Machi 2025.

Nikamuuliza habari ya siku 90, maana kila mtu kanisani anazitaja. Ni kweli mtu anaruhusiwa kutuma maombi siku 90 kabla muda wake wa ukazi haujatimia. Lakini nafuu hiyo ni ya muda wa ukazi tu. Uraia wa mume na kuishi pamoja lazima viwe vimetimiza miaka mitatu siku yenyewe unapotuma. Mimi nikituma Desemba hii, watanikatalia na ada imekwenda. Ada yenyewe ni dola 710 kwa mtandao na 760 kwa karatasi. Kaya ya kipato cha chini inaweza kuomba kulipa 380.

Kisha akachukua kalamu, akaandika tarehe ya pili ambayo sikuwa nimeiuliza: 16 Mei 2026. Miaka mitano ya kadi yangu inatimia 14 Agosti 2026, na hapo siku 90 zinanisaidia. "Kwa hii," akasema, "hawatahitaji uthibitisho wowote kuhusu uraia wa mumeo." Akanikabidhi karatasi. Nimeibandika ndani ya jalada la daftari hili.

Mwenzangu mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni ana kadi ya miaka miwili, ile ya masharti, kwa sababu alipoingia ndoa yake ilikuwa haijafikisha miaka miwili. Mimi na Baba Baraka tulifunga ndoa Kasulu 2018, ndiyo maana nilipewa ya miaka kumi moja kwa moja. Yeye na mumewe wanatakiwa kupeleka ombi la kuondoa masharti ndani ya siku 90 za mwisho kabla kadi haijaisha. Alikuwa ameambiwa mtaani kwamba miaka ile miwili haimo kwenye hesabu ya uraia. Imo yote. Aliposikia hivyo alikaa chini kwenye kiti, akashukuru Mungu kwa sauti.

Jumapili, 8 Desemba 2024

Nimeongea na Mama karibu saa nzima. Migomba imepata maji, mahindi ya kaka yamechipua vizuri. Nikamweleza habari ya Machi.

Akanyamaza, kisha akauliza jambo moja tu: "Na shamba la baba yako?"

Hakusoma sana, lakini aliliona jambo zima mara moja. Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima. Siku nitakayoapa hapa, uraia wangu wa kuzaliwa unakoma, na kwa sheria ilivyo mwaka huu wa 2024, asiye raia hamilikishwi ardhi kwetu ila kwa uwekezaji. Marehemu Baba alinigawia kipande cha upande wa mto, chenye kahawa, mbele ya wazee, akisema binti naye ni mtoto. Kuna wajomba ambao hawakulipenda neno lile mpaka leo.

Nilimwambia pia kwamba nikiwa raia naweza kumwombea yeye kuja kuishi hapa, bila foleni ya miaka, kwa kuwa mzazi wa raia aliyetimiza miaka 21 hana foleni. Mwenye kadi kama mimi hawezi kumwombea mzazi kabisa. Akacheka. Hataki kuhama. Anataka nije nimzike, na nikija niwe na pa kusimama.

Wakenya tunaosali nao hawana mzigo huu. Katiba yao ya 2010 inamwacha Mkenya wa kuzaliwa na uraia wake hata akichukua mwingine. Huwa nawasikiliza wakizungumzia kiapo kwa wepesi, nami natamani wepesi ule. Serikali yetu imekuwa ikizungumzia hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania walio nje. Ningefurahi ije na iwe na maana, hasa kwenye ardhi. Lakini hadhi si uraia, na Mama anajua hivyo.

Alhamisi, 26 Desemba 2024

Tumegombana, tena sikukuu.

Nilimwambia Baba Baraka kwamba nafikiria kuiacha Machi ipite na kuomba 2026 kwa miaka mitano yangu. Akaweka kijiko chini. "Kwa hiyo ndoa yetu huiamini?" Nikamwambia si hivyo. Akasema basi niambie ni nini.

Kisha akasema maneno ambayo nataka niyaandike kama yalivyotoka. "Mimi nimeishi nchini kwako karibu miaka ishirini. Nikitoka kambini bila kibali, nakamatwa. Nimeoa binti wa pale pale, na sheria yenu ikaniambia mume wa Mtanzania hapati kitu. Hapa wanakupa mlango kwa sababu yangu, wewe unaukwepa."

Sikuwa na jibu, kwa sababu ni kweli. Sheria yetu ya Uraia ya 1995 inampa mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania haki ya kuomba tajnisi maadamu mume yu hai. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hana njia hiyo. Atapita njia ya wageni wote, yenye miaka mingi na uamuzi wa waziri. Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipewa uraia, zaidi ya watu 160,000, na lilikuwa tendo kubwa ambalo nchi yangu inastahili kusifiwa. Wakongo wa Nyarugusu hawakuwemo. Mume wangu angekuwa mke wangu, nami mume wake, pengine leo tungekuwa Kasulu na watoto wetu. Nasema hivi bila kuzungukazunguka: mwanamke wa Kitanzania ananyimwa na nchi yake kitu ambacho kaka yake anapewa, na sijamsikia mtu akinieleza sababu inayosimama. Wakenya walilirekebisha. Kwao mke au mume, ndoa ikifika miaka saba, anastahili kuomba kuandikishwa.

Usiku alikuja kukaa nami jikoni. Nikamwomba anisikilize mpaka mwisho. Nikamwambia yeye mwenyewe alijua uchungu wa kuacha, kwa kuwa katiba ya Kongo nayo haitaki uraia wa pili, ila yeye alichoacha kilikuwa kimeshamwacha. Mimi changu bado kinanishika mkono. Hakujibu. Alinimiminia chai.

Jumapili, 19 Januari 2025

Mama Furaha amekuja kusukwa, na katika kusukwa amenisimulia yote yaliyompata alipoomba uraia.

Alituma maombi yake kwa miaka mitatu ya ndoa, kila kitu kikiwa sawa. Akaalikwa kwenye usaili, akajifunza yale maswali 100 mpaka watoto wake wakawa wanamtania. Kabla ya siku ya kiapo mumewe akafariki barabarani. "Miye nilifikiri maombi yanabakia," akasema, "sababu nilikuwa bibi yake mpaka siku ile." Hayakubaki. Kwa njia ya miaka mitatu, kifo au talaka ikitangulia kiapo, njia imefungwa. Ukazi wake haukuguswa, hilo watu huwa wanalichanganya na kuogopa bure. Alingoja miaka mitano ikatimia, akaomba upya peke yake, akalipa upya. Leo ni raia.

Nilimuuliza kama anajuta kuomba mapema. Akasema hapana, angeomba tena, ila angependa mtu amwambie kwamba mambo yanaweza kwenda hivyo. Sheria ina huruma mahali pengine: mwanamke aliyepata ukazi wake kwa sababu ya kupigwa na kuteswa na mume raia anaruhusiwa miaka ile mitatu hata kama wameachana. Hili lisemwe makanisani na misikitini, kwa sauti, kwa sababu wapo wanaovumilia kipigo wakidhani karatasi zao zimo mfukoni mwa mume.

Jumamosi, 22 Februari 2025

Nimepanga makaratasi yote mezani, nione kama Machi nikitaka ingewezekana. Cheti cha ndoa cha Kasulu. Cheti cha uraia cha Baba Baraka. Ripoti za kodi ya mapato tulizowasilisha pamoja miaka mitatu, mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, akaunti ya benki ya pamoja, cheti cha kuzaliwa cha Baraka. Lori humweka barabarani wiki kwa wiki, na niliogopa kwamba wataona hatuishi pamoja. Mwanasheria alinitoa hofu. Kazi ikimwondoa mtu nyumbani na nyumba ikabaki moja, ndoa haijavunjika machoni pao. Wanaotengana kwa hiari, kila mmoja na anwani yake, ndio wanaoharibikiwa.

Safari yangu ya 2023 kumuuguza Mama nayo haina tatizo, kwa sababu nilirudi kabla ya miezi sita. Ukipitiliza miezi sita, unatakiwa kuthibitisha kwamba hukuhama. Ukifika mwaka, mfululizo wa ukazi umekatika. Zaidi ya hayo, anayeomba kwa miaka mitatu awe amekuwa ndani ya Marekani angalau miezi 18 kati ya 36. Kwa miaka mitano ni miezi 30 kati ya 60. Ninayo yote mawili, kwa ziada kubwa.

Kwa hiyo naweza. Nimefurahi kulijua hilo kuliko nilivyotarajia. Nitakaloamua sasa halitakuwa la kusukumwa.

Baba Baraka alipiga simu kutoka Amarillo. Nikamsomea orodha nzima. Akanyamaza, kisha akauliza mipaka ya shamba la Baba inaanzia wapi na inaishia wapi, na kama kaka anaaminika. Tukaongea habari ya shamba mpaka akafika pa kulala. Hakutaja Machi tena, nami nikajua amenielewa.

Jumanne, 18 Machi 2025

Leo mlango umefunguka rasmi. Sijatuma kitu.

Kaka amekubali kukaa na wazee wa ukoo baada ya mavuno. Nitakwenda mwezi wa nane, kwa wiki chache, tuandikishe kipande cha mto kwa jina la Mama mbele ya serikali ya kijiji, na neno la Baba liandikwe kwenye muhtasari ili wajomba wasilifute. Baada ya hapo nitaapa na moyo wangu ukiwa mzima. Nampenda mume wangu, na nchi hii imenitendea mema. Lakini uraia wa kuzaliwa ninauacha mimi, hauachi yeye, na nataka fomu ile isimame kwa miaka yangu mwenyewe.

Dada wa kadi ya masharti amenipigia leo kuuliza tarehe yake. Nilimpa mbili, ya miaka mitatu na ya miaka mitano, nikamwambia aziandike zote na asimwachie mtu mwingine kuzitunza. Yangu ni 16 Mei 2026.